Mashine ya Mpumudde Ilikataa Kupoa

Akello aliletwa Malukhu, Mbale, akiwa mtoto, baada ya vita vya Teso kumuua baba yake, askari magereza. Aliyempokea ni Rehemah, mjane aliyeuza vitenge sokoni. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili tu, na kwa kuwa majirani walikihusisha na wanajeshi, wawili hao walikizungumza ndani, kwa sauti ya chini. Hapo Akello alikulia, akajifunza ufundi wa majokofu.

Miaka mingi baadaye, amani imerudi, hospitali moja ya Mpumudde, Jinja, ilinunua mashine ndogo ya kutibu saratani kwa mionzi. Mashine hiyo husukuma chembe za umeme kwa kasi kubwa mno na kupata joto kali; maji baridi yasipopita ndani yake, hujizima. Akello aliajiriwa kuujaribu mfumo huo wa maji kabla wagonjwa hawajaanza kutibiwa.

Wakati huo Rehemah alikuwa na saratani ya kizazi. Kampala foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo Akello akamleta Jinja, wakangoja pamoja.

Kila asubuhi aliwasha pampu. Maji yalizunguka vizuri, kisha joto likapanda taratibu, mashine ikajizima. Akasafisha vichujio, akabadilisha mabomba, hali ikawa ileile. Mwishowe yeye na msimamizi wake, Injinia Nicanor, waligundua kwamba kipozeo, kifaa cha kupoza maji hayo, ndicho kibovu. Kingine kingetoka ng'ambo. Walipopiga simu waliambiwa wasubiri.

"Mwanangu," Rehemah alimwambia jioni moja, "si uwaambie tu maji yako sawa, waanze kunitibu?"

"Hata nikisema, mama, itajizima ukiwa umelala pale. Haimsikii mtu."

Rehemah akageukia ukuta. Akello alitoka akasimama kando ya barabara, boda boda zikimpita, asijue pa kwenda.

Kipozeo kilipofika, maumivu ya Rehemah yalikuwa yameshaingia mgongoni. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba ugonjwa umesambaa. Mionzi ingetuliza maumivu kidogo tu. Rehemah alikataa, akaomba arudishwe Malukhu.

Akello alimrudisha, akamwacha na jirani yao Namono, kwani jaribio la mwisho lilimngoja kesho yake. Siku hiyo maji yalibaki baridi mpaka jioni. Wenzake wakampa mkono. Walipoondoka alizima pampu, akaketi sakafuni na simu mkononi, akiogopa kumpigia Namono.