Kipyenga Ambacho Sikukipuliza

Mimi nina hasira za karibu, na kwa refa hiyo ni mali. Ndiyo maana nilipochaguliwa kusomea urefa wa raga ya wachezaji kumi na watatu, hapa Kitale hakuna aliyeshangaa.

Shirikisho la dunia la mchezo huo halikutuletea pesa wala wachezaji. Lilituletea wakufunzi. Walisema nchi hupanda daraja ikiwa na makocha na marefa wake yenyewe, si wa kuazima. Tulisomea kwenye simu, kisha akatumwa mtahini aje atuone kazini. Mtihani wangu ulikuwa mechi moja tu, Kitale na Bungoma, uwanja wa Kibomet. Nikipita, ningekuwa mwanamke wa kwanza huku kwetu kupata cheti hicho. Nilikitaka vibaya sana.

Tatizo lilikuwa msimu. Mahindi yalikuwa yametoka shambani, na nyuma ya goli, jirani yangu mjane alikuwa ameanika yake yote kwenye maturubai. Sikumfukuza. Angeyapeleka wapi?

Kipindi cha pili, mvua ikatoka Mlima Elgon bila hodi. Matone ya kwanza tu, wachezaji wa Kitale wakaacha mchezo, mbio hadi kwenye mahindi. Wa Bungoma, waliokuwa na mpira, wakautupa wakafuata. Nao ni watoto wa wakulima.

"Rudini hapa! Mnanichezea?" nikapayuka.

"Refa, si unaona mvua, bana!" akanijibu nahodha wa Bungoma huku akikunja turubai.

Jirani yangu naye hakunibembeleza. "Na wewe umesimama hapo kama mlingoti! Shika kona hii!"

Jamani, nilishika. Tuliyaburuta mahindi hadi kwenye kibaraza cha kanisa, mvua ikamwagika, ikakatika, tukarudi kumalizia mechi kwenye tope.

Mtahini alikuwa muungwana. Alisema nilihesabu vizuri: timu yenye mpira ikiangushwa mara sita, niliutoa kwa wapinzani bila kubabaika. Halafu akaniuliza ni nani aliyesimamisha mechi ile. Kipyenga kilikuwa shingoni wakati wote na sikukipuliza. Kusimamisha mechi kungeruhusiwa, alisema. Lakini bila kipyenga, kwa sheria ilikuwa bado inaendelea, na refa yuko kwenye kibaraza na turubai la mahindi.

Nilifeli. Nililia, sitaficha, tena mbele yake.

Baadaye jirani yangu akaniletea unga wa mahindi yaleyale.

"Mama, usinipoze na unga," nikamwambia.

"Nani anakupoza? Kasonge ule."

Nikafungua mfuko nikaunusa, nikitafuta uvundo wa mahindi yaliyolowa, angalau nami nipate mtu wa kumfelisha. Nikanusa tena. Haukuwa na uvundo hata kidogo. Nikabandika sufuria.