Sauti ya Mama Ng'ambo ya Mabati

Kazi yangu kanisani, hapa mtaani Munuki, ni mitambo ya sauti. Sisi na kanisa jirani tumetenganishwa na ukuta wa mabati tu, na maikrofoni zetu zisizo na waya tulizinunua duka moja kule Hai Jalaba, aina moja, rangi moja. Hapo mwanzo mhubiri wao alikuwa akinguruma kwenye spika zetu katikati ya sala, nami nikitamani ardhi inimeze. Siku hizi kila Jumamosi mimi na fundi wao, Mganda mmoja mcheshi, tunawasha maikrofoni za pande zote mbili kwa pamoja, kisha kila moja tunaipa chaneli yake. Tunaishi kwa raha.

Jumapili moja nilikuwa na wasiwasi kweli. Mama yangu, mwanakwaya tangu tukiwa kwetu Kenya, alikuwa amepasuliwa koo, na tangu atoke hospitali alinong'ona tu. Hata wajukuu aliwaita kwa kupiga makofi. Aliomba aimbe wimbo wa shukrani, akaniambia sauti ikikataa, basi, kwaya ameacha.

Akaanza. Spika zetu kimya. Nikapandisha sauti, wapi. Mara nikamsikia, sauti nyembamba lakini safi, ikitokea ng'ambo ya mabati.

Nilielewa papo hapo. Jana yake, tulipokwisha kupima, jirani walikuwa na harusi wakaazima maikrofoni yetu moja, kama tunavyoazimana viti na masufuria. Katika kurudisha wakatuletea ya kwao, inayotoa sauti kwenye spika zao, na hiyo ndiyo aliyoishika mama. Nikanyakua maikrofoni ya waya nimpelekee, lakini simu ikaita. Ni yule Mganda.

"Bwana, wacha! Usimupe ingine. Watu yote hapa iko nasimama!"

Nikaiweka chini. Vigelegele vikapanda kule, ngoma zao zikamfuata, na watu wetu wakaitikia. Mama alifumba macho akaimba beti zote. Nililia, na sioni haya kusema.

Baada ya ibada akanishika mkono. "Nimeskia watu wa kule wakiitikia," alininong'oneza. "Sauti yangu imefika mpaka huko?"

"Imefika, mama."

Habari za chaneli sikumweleza. Alitazama lango, ambako mjukuu wake alikuwa anataka kutoka barabarani, akavuta pumzi, akamwita kwa jina. Mtoto aligeuka.