Siku Bibi Alipochuma Maua ya Wazungu

Juzi nilikuwa dukani hapa Hounslow natafuta sabuni ya kufulia, mama mmoja karibu yangu akafungua kizibo cha ile dawa ya kulainishia nguo, akanusa. Harufu ya asumini ikanipiga usoni kama kofi. Wallahi nilisimama pale nimeshika toroli mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa kile kikohozi cha Kiingereza, kile cha kukwambia sogea. Sikusogea. Mie nilikuwa nimesharudi utotoni, nimekaa kiti cha nyuma cha gari ya baba, nimebanwa kati ya bibi na sufuria ya pilau, tunakwenda mashamba ya Wazungu kuangalia maua.

Ngoja niwahadithie taratibu, maana mie na skuli hatukupendana, nikisimulia naruka kama panzi.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Hounslow hii hii, ghorofa ya juu, ndege zinapita chini mpaka unamwona abiria anakataa chai. Baba akipakia mizigo uwanja wa ndege. Mama akifanya kazi nyumba ya wazee, akiwaosha na kuwalisha. Halafu bibi, mama yake baba, akaja kutoka Pemba kututembelea, na nyumba ikakosa hewa.

Mama na bibi hawakuwa wakisemezana. Msidhani ni kununiana kwa siku mbili tatu. Ile ilikuwa vita kamili, na posta ya vita ilikuwa mie.

"Zuhura," bibi atasema, "mwambie mama yako mchuzi wake leo umekuwa bahari."

Mama yuko hapo hapo, akinyoosha mkono anamgusa. "Zuhura, mwambie bibi yako bahari anaijua yeye, na njia ya kurudi huko anaijua."

Watoto wenzangu waliozaliwa hapa walikuwa wakisikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Mie nilikijua barabara, tena kile cha ndani. Huwezi kupeleka risasi kwa lugha ya kuazima.

Basi wiki moja mama akatangaza. Alikuwa anakunja nguo, akamwambia baba bila kumtazama, "Seif, mie nimechoka. Jumapili hii ikipita na hali ni hii hii, namchukua Zuhura naenda kwa mdogo wangu Thamesmead. Na sirudi."

Nilikuwa chini ya meza namsuka mdoli wangu. Thamesmead iko upande wa pili kabisa wa London, unabadilisha treni mpaka unasahau jina lako. Nilimpenda mama mdogo, lakini nyumba isiyokuwa na baba mie sikuitaka hata ingekuwa na paa la chokoleti. Usiku nikawa namwomba Mungu hao wawili wapendane, na kama kupendana ni kazi kubwa, basi angalau wapeane chumvi bila kunipitia mie.

Baba naye, masikini, dawa aliyoiona ni bustani. Kazini kwake Mzungu mmoja alimwambia familia ikigombana uipeleke nje ya mji ikavute hewa safi. Kuna jumba la mabwana wa zamani, lina bustani kubwa, unalipa mlangoni, unatembea. "Tutakula, tutacheka, tutarudi watu wapya," akasema.

"Zuhura," mama akasema, "mwambie baba yako vinavyorudi vipya ni nguo, tena kwa dobi."

Jumapili tukaondoka. Mama mbele, bibi nyuma, mie katikati ya moto. Nje kijani kitupu, vilima, ng'ombe wamelala kama matajiri.

"Zuhura, muulize mama yako mbona ng'ombe wa huku wanene kuliko mwanangu."

"Mwambie ng'ombe wa huku hawakai na mama zao."

Baba akaongeza sauti ya redio.

Tukafika. Ee bwana! Majani yamekatwa sawasawa kama yamepita kwa kinyozi wa bwana harusi. Mawaridi makubwa kama vichwa vya watoto wachanga, mengine yanakutazama kabisa. Na watu wote wananong'ona, utadhani ndani ya jumba mna maiti. Sisi tukaingia na mkeka, birika, sufuria ya pilau ya kulisha jeshi, na sauti ya bibi, ambayo Pemba ilikuwa ikimrudisha mbuzi kutoka kijiji cha pili. Tulipotandika mkeka, vichwa vikageuka kimoja kimoja. Mzee mmoja akanyanyuka na mbwa wake akahamia mbali, na mbwa ndiye aliyetaka kubaki, maana pilau ilikuwa ya nyama.

Mwanamke mmoja akapita akatutazama tu. Baba akamwahi. "Samahani," akamwambia kwa Kiingereza, anacheka kidogo, "hawa wangu hawajazoea." Nilimwona mama anatafuna, na mdomoni hamna kitu.

Tulipomaliza kula bibi hayupo. Nikatumwa kumtafuta. Nikamkuta nyuma, kwenye ukuta mrefu wa matofali umefunikwa na asumini kutoka juu mpaka chini. Kakunja upindo wa kanga kafanya kapu, na kapu limejaa: asumini, mawaridi mekundu, na mrehani sijui kautoa bustani gani. Mikono yake ilikuwa inakwenda mbio kama ya mshona nguo siku ya kuamkia Idi.

"Bibi! Haturuhusiwi!"

"Nani kasema? Baba yako si kalipa mlangoni? Umeona wapi mtu kalipa akatoka na macho tu?"

Na haki alikuwa nayo, maana wiki moja kabla tulimpeleka kwenye shamba la stroberi, huko unalipa na kuchuma mwenyewe, ukichuma sana ndio wanafurahi. Angejuaje kwamba Wazungu wa stroberi na Wazungu wa mawaridi ni watu mbalimbali? Na kwao Pemba asumini ya jirani hainunuliwi. Unapiga hodi, unaambiwa chuma, mnaulizana hali, basi.

"Tena nimepiga hodi," akasema. "Mara tatu. Hakuna aliyenikataza."

"Ya nini yote haya?"

"Namfungia mama yako kikuba." Kikuba ni hayo maua yanafungwa pamoja na mrehani, mwanamke anajibandika kifuani, anukie. "Mwanamke ananuka dawa ya kuoshea wazee, mume atamkaribia vipi? Atakwenda huko Thamesmead, mie nitaambiwa ndiye niliyemfukuza."

Kumbe alikuwa anajua! Nikataka kumkumbatia, lakini hapo hapo tukasikia, "Ekskyuzi mi! Ekskyuzi mi!"

Anakuja mama wa Kizungu, kizibao cha kijani cha watunza bustani, kofia pana kama dishi la televisheni. Hakuuliza. Akakamata upindo wa kanga, akavuta. Bibi akavuta. Yule akavuta. Maua yanaruka huku na huku kama mchele wa harusini.

"Niachie nguo yangu! Zuhura, mwambie huyu bibi kama anataka maua akachume yake, bustani yote hii tutagombania tawi moja?"

Watu wakajaa. Wale wanong'onaji wote, sauti zikawatoka. Mmoja kasema aitwe polisi. Mwingine kasema hawa ndivyo walivyo, na mie nilikuwa mdogo lakini neno "hawa" nilikuwa nalijua ukubwa wake. Mama akaja mbio. Baba akaja nyuma yake, punje ya pilau bado iko kwenye masharubu, mikono kaikutanisha kama anayeomba dua.

"Samahani sana," akamwambia yule mwenye kofia. "Samahani sana sana. Huyu mama yangu. Mtu wa kijijini tu, haelewi kitu. Na mke wangu naye ni vivyo hivyo, ningewaacha nyumbani. Tusameheni." Halafu akacheka. Akacheka nao, kile kicheko kidogo cha mtu anayesimama upande wa pili.

Yule mwenye kofia akasema, "Basi watu wenu muwe mnawaangalia."

"Ndiyo, ndiyo," akasema baba.

Bibi Kiingereza alikuwa hakijui hata cha kuombea maji. Lakini kicheko cha mwanawe alikuwa akikijua tangu anatambaa. Akaacha kuvuta. "Kasema nini?"

Alikuwa ananiuliza mie. Posta ikakosa barua.

Mama ndiye aliyejibu. Akamgeukia bibi, uso kwa uso, na mie nikiwa hapo katikati sina kazi. "Amesema wewe ni mshamba, huelewi kitu. Na mimi hivyo hivyo. Amesema angetuacha nyumbani."

Bibi akaufungua upindo wa kanga. Maua yote yakamwagika juu ya viatu vya yule Mzungu. Akamtazama baba, kisha akajifunga kanga yake vizuri akaelekea kwenye gari, na mama akamfuata. Tukasindikizwa mpaka getini kama tulioiba taji la malkia, baba nyuma na sufuria, bado anaomba radhi kwa kila mtu tunayempita, hata kwa yule mbwa.

Kwenye gari hakuna aliyenituma neno. Ningetoa chochote nisikie tusi moja tu la ng'ombe.

Tulipofika nyumbani mama akateremsha begi la nguo kutoka juu ya kabati. Nikaanza kulia. Baba kasimama kwenye ukumbi mwembamba, kaziba njia. "Rukia, haya si mambo ya maua tu?"

Mama akanishika mkono. Mlango wa pili ukafunguliwa, bibi akatoka kavaa buibui, mkononi ana begi lake alilokuja nalo.

"Mama, na wewe unakwenda wapi?"

"Anakokwenda mkeo."

"Lakini nyinyi mnachukiana!"

"Sana," akasema bibi. "Hebu pisha."

Safari ile ya treni siisahau. Watu wanaingia, wanashuka, mama na bibi wamekaa ubavu kwa ubavu, mie mbele yao na mdoli. Baadaye bibi akaanza, "Zuhura, muulize mama yako..." Akakatisha. Akageuza shingo mwenyewe, pole pole kama mlango wa kutu.

"Tangu lini mwanangu anakufanyia vile?"

"Tangu nilipofika nchi hii. Skuli kwa Zuhura. Kwa daktari. Kwa mwenye nyumba. Nikifungua mdomo tu, yeye keshaniombea radhi."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia kwa kumtuma nani? Mtoto?"

Bibi akatazama nje. "Usidhani nakupenda," akasema.

"Wala sikudhani."

Thamesmead wakapewa kitanda kimoja. Wakalala wamepeana migongo, wanavutana blanketi mpaka alfajiri, asubuhi kila mmoja anadai kaganda kwa baridi. Baba alipiga simu, hawakupokea. Mie niliwachukia wote wawili. Niliwaona ni wanawake wakatili waliomtupa baba yangu kwa sababu ya majani.

Mwisho akaja mwenyewe. Aliyemfungulia mlango ni jirani yake mama mdogo, mama wa Kinigeria mkubwa kama kabati, alikuwa kaja kuazima blenda. Akaujaza mlango wote. "Nani wewe?"

Baba akatoa kile kicheko. "Samahani dada kwa usumbufu, mke wangu na mama yangu wana tabia ya..."

Hapo akawaona, nyuma ya bega la yule mama, wamesimama pamoja kwenye ukumbi, mikono wote wawili wameifunga kifuani. Kicheko kikamfia mdomoni. Akabadilisha lugha, akarudi kwenye Kiswahili.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Unamwombea nani?" akauliza bibi.

Nilikuwa nimechungulia chini ya mkono wa bibi, nikaona masikio ya baba yanageuka rangi.

"Najiombea mimi mwenyewe."

Yule Mnigeria hakuelewa hata neno, lakini alisogea.

Tukarudi Hounslow. Msije mkadhani mama na bibi wakawa mashoga, chanda na pete, baada ya hapo. Thubutu! Walitukanana mpaka siku bibi anapanda ndege, na siku ile yenyewe nilipeleka ujumbe mpaka miguu ikaniuma. Ila baba sikumsikia tena kuomba radhi isiyokuwa yake.

Miaka mingi nikiisimulia hadithi hii kwa kuchekesha watu, kwamba mama alimkimbia mavyaa wake, yaani mama mkwe, na mavyaa akamfuata mbio. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Mpaka kiangazi kilichopita, mume wangu akanipeleka kwa bosi wake, nyumba ya nje ya mji, bustani nzuri, nyama inachomwa, mie nikakaa nikaanza hadithi zangu kwa Kiingereza changu cha sokoni. Watu walikuwa wanasikiliza. Mume wangu akaniwekea mkono begani. "Msameheni," akawaambia, "huyu hakusoma, ndivyo alivyo." Akacheka nao.

Hapo ndipo nilipojua mama hakuwa akimkimbia bibi hata siku moja. Bibi ndiye aliyekuwa karibu wa kumrushia maneno. Na yule mwanamke wa Pemba asiyejua Kiingereza alilielewa lile jambo kwa kicheko kimoja, mie nikalichelewa kwa umri mzima.

Na mie nikacheka kidogo, kwa adabu. Kisha nikaweka sahani yangu chini, nikamuuliza mwenye nyumba koti langu liko wapi.