Kitanda Kilichokwama

Mtaa ulikuwa na mafundi cherehani tele, lakini jina la Sindano lilimshika mmoja tu, na halikutokana na kazi yake. Lilitokana na ulimi. Ukimpelekea kitambaa kifupi ukataka gauni refu, alikuuliza kama nusu ya mwili umeiacha nyumbani. Na bado wateja walirudi, wakanuniwa, wakatukanwa kidogo, wakalipa. Nguo ya Sindano haikuwahi kumbana mtu.

Mbinu yake hakumficha yeyote. Kila kipimo alikiongeza vidole viwili, nafasi ya mshono. "Ikizidi inapunguzwa," alikuwa akisema. "Ikipungua, imekula kwako." Alikuwa ameyasema maneno hayo miaka mingi mno, hata mkono wake ukawa unaongeza vile vidole viwili wenyewe bila kumwomba ruhusa. Vishikeni akilini hivyo vidole, maana ndivyo vilivyoleta balaa lote.

Kibanda chake kilipobomolewa ili barabara ipanuliwe, Sindano alihamishia cherehani nyumbani, kwenye kile chumba kidogo cha pembeni ambacho mumewe, dereva wa lori, alikuwa akitupia magurudumu yaliyokwisha. Aliyatoa magurudumu, akafagia, akapiga deki, akapaka rangi kuta mwenyewe. Tayari mtaani walishaanza kusema kwamba Sindano amekwisha, hana kibanda, hana kazi. Hao alitaka kuwafunga midomo. Matroni wa zahanati alikuwa amempa kazi ya kushona sare za wauguzi wake wote, nyeupe pee, na alitaka aje kuzichukua Jumamosi. Zikiwa tayari, kazi ya zahanati ingekuwa yake kila mwaka. Zisipokuwa tayari, waliosema amekwisha wangekuwa wamesema kweli.

Rangi haijakauka, Wifi akaingia.

Huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mrefu, mnene wa sauti, mwanamke anayekusalimia huku akikukagua. Alikuja na begi, pasi ya umeme na pazia lililokunjwa. "Nimekuja kuwasalimia tu, wifi yangu," alisema, na begi akalipeleka moja kwa moja kwenye chumba kile, akalibwaga juu ya vitambaa vyeupe.

Sindano aliitazama ile pasi. Mgeni gani anatembea na pasi?

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alimwambia mumewe jikoni, kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani.

"Ni dada yangu."

"Sijasema ni ng'ombe. Nimesema chumba ni cha kazi."

"Chumba ni kimoja, ninyi ni wawili," mume alijibu. "Elewaneni." Kisha akawasha lori akaenda zake safari. Wanaume wengine wamepewa lori ili wasikose pa kukimbilia.

Kabla ya kuondoka, kusema kweli, aliacha wazo moja la maana. Rafiki yake seremala angetengeneza kitanda cha kukunja, kilichofungwa bawaba ukutani, cha kujaza upana wote wa chumba. Usiku kinashushwa, Wifi analala. Asubuhi kinainuliwa kinasimama ukutani, na mgongoni mwake kuna ubao unaoshuka kuwa meza ya kukatia nguo. Chumba kimoja, kazi mbili. Hata Sindano alikubali kwamba si upuuzi.

Seremala alipokuja kupima, Wifi aliishika futi. "Lete, nikushikie huku."

"Wacha!" Sindano alimpokonya. "Katika nyumba hii anayejua kupima ni nani? Wewe umewahi kupima nini zaidi ya chumvi?"

"Pima basi, mama vipimo," alisema Wifi, akakaa juu ya begi lake kutazama.

Sindano alipima ukuta hadi ukuta, akataja kipimo, seremala akaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Alipima haraka, kwa hasira, akiwa amempa Wifi mgongo. Na mkono ukafanya ulivyozoea.

Kitanda kilipoletwa kilikuwa kizuri, mbao zimepigwa randa zikalainika. Kikaingizwa kwa kuinamishwa, upande mmoja chini, mwingine juu. Kikagoma. Seremala akakisukuma kwa bega. Kikagoma. Sindano, ambaye uvumilivu hakupewa hata kijiko, alichukua nyundo akakigonga ule upande wa juu kwa nguvu zake zote. Kikashuka kikichubua lipu pande zote mbili, kikabana katikati ya kuta kabla hata bawaba hazijafungwa. Walikivuta, hakikutingishika.

Seremala alipima upya. Aliutazama ubao wake wenye penseli, akaitazama futi. "Shemeji, kimezidi vidole viwili."

Kisha Wifi akacheka, na si kicheko kidogo. "Nafasi ya mshono!" alipiga makofi. "Amekipimia kitanda nafasi ya mshono! Sasa tukibane kwa pini au tukipige pasi?"

Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze, au, bora zaidi, immeze Wifi.

"Si kitu," alisema seremala. "Kesho nakuja na msumeno, nakata kichwani kidogo, nafunga bawaba, kwisha."

Kesho yake alikuja na msumeno, akamkuta Wifi kalala. Kumkatia kitanda mtu aliyekilalia hakuwezekani. Aliambiwa arudi mchana. Mchana Wifi alikuwa kalala, kichwa kinamwuma. Jioni mgongo. Siku iliyofuata hakuumwa kitu, alilala tu macho wazi, na alipohitaji kwenda chooni alingoja mpaka seremala aondoke.

"Wifi, shuka fundi afanye kazi."

"Kitanda kimekubali kukaa. Wewe nani ukikatae?"

"Umekodi hapa?"

"Nyumba ya kaka yangu."

"Kaka yako analala kwenye lori! Nyumba naipiga deki mimi!"

Majirani walisikia yote na wengine walihamisha viti ili wasikie vizuri zaidi. Sebuleni makochi yalijaa ukuta hadi ukuta, na kitambaa cheupe hakikatwi sakafuni. Cherehani iliwekwa jikoni, lakini cherehani haishoni kitu ambacho hakijakatwa. Matroni alipita kuulizia, akaona vitambaa bado mabunda, akasema taratibu kwamba kuna fundi mwingine karibu na zahanati. Sindano alimchukia Wifi usiku na mchana. Alichukia kikohozi chake, alichukia namna alivyokunywa chai ya watu kwa kelele.

Ijumaa asubuhi alikata shauri. Aliingia chumbani na bunda la kitambaa, chaki na mkasi mkubwa. Wifi alikuwa chali, mikono kifuani.

"Huamki?"

"Siamki."

"Haya." Sindano alikitandaza kitambaa chote juu ya kitanda na juu ya Wifi, kuanzia miguuni mpaka shingoni, akakinyoosha kwa viganja. "Meza ni meza. Hii ina matuta tu."

"Una wazimu?"

"Usitikisike. Mkasi wangu haujui undugu."

Wifi alicheka, kisha akaona mkasi ukifunguka kando ya bega lake, akaacha kucheka. Sindano alichora kwa chaki juu ya tumbo lake, akavuta kitambaa pembeni, akakata. Kra, kra, kra. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, Wifi alinyamaza, na Sindano, niwaambieni ukweli, alifurahi. Alikata mgongo wa sare ya kwanza. Alikata mikono. Alikuwa anainama kukata kola karibu na kidevu cha wifi yake aliposikia sauti ndogo ambayo hakuijua.

"Kata tu. Nikishuka mtakikunja. Na mimi mtanikunja nacho."

"Nani kakwambia?"

"Kwa mwanangu walianza hivyohivyo." Wifi aliangalia dari. "Kwanza kitanda, ati chumba kina kazi nyingine mchana, nikawa nakunja godoro kila asubuhi. Baadaye godoro likahamia sebuleni. Baadaye nikatoka sokoni nikakuta begi langu mlangoni. Pasi na pazia nilirudi kuvichukua mwenyewe, kwa kuwa nilivinunua mimi."

Mkasi ulisimama. Sindano alimwangalia yule mwanamke mrefu aliyefunikwa kitambaa cheupe mpaka shingoni, na alimchukia kupita siku zote, kwa kuwa sasa alikuwa amemlazimisha kumwonea huruma.

"Kaka yako anajua?"

"Nimwambie mwanangu kanifukuza? Nife kwanza."

Sindano alikusanya vipande alivyokwisha kukata, akavikunja. Aliliburuta lile begi kutoka uvunguni, akalifungua bila kuomba, akatoa pasi. Aliiweka kwenye rafu, juu ya mahali alipokusudia kuirudisha cherehani, akachomeka waya wake ukutani. Kisha akatoa pazia, akapanda kwenye kiti, akalitundika dirishani. Lilikuwa refu mno.

"Yangu iliungua waya nikiwa bado kibandani," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Sare hazitoki bila pasi. Hii imeshaingia kazini, haitoki humu. Na mwenye pasi ndiye atakayepiga pasi, mimi si mtumwa wa mtu. Pazia nitalipunguza Jumapili."

Kitambaa juu ya kifua cha Wifi kilipanda na kushuka.

"Sasa shuka kutoka kwenye meza yangu. Saa za kazi zimefika, na mwanamume wa watu kashika msumeno hapo nje tangu asubuhi."

Wifi alikitoa kitambaa juu yake polepole, akakishika kwa ncha ili kisichafuke, akashuka, akatafuta viatu. Seremala aliingia. Kabla msumeno haujagusa ubao, Wifi alinyoosha kidole kwenye rafu akasema pasi haiwekwi karibu na dirisha, itashika kutu.

"Nyamaza, wifi," alisema Sindano, akaisogeza.