Debe la Milcah

Milcah anagonga kokoto kwenye machimbo ya zamani kule Mtopanga, na huu ni mwaka wake wa tisa. Ukipita asubuhi utamwona ameketi juu ya gunia, mbele yake kipande cha tairi kilichokatwa mviringo. Jiwe hutiwa ndani ya mviringo ule ili nyundo ikishuka vipande visimrukie machoni. Siku hizi anapiga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umepinda kifundoni, na siku ulipovunjwa mimi nilikuwapo, maana kutembea kwangu kote huishia pale, napumzisha miguu kibandani mwa hao wagonga kokoto.

Alitoka Vihiga akiwa msichana, akaolewa na Nyale, mkata mawe wa hapo hapo Mtopanga. Nyale alikuwa hodari wa kazi, lakini wivu ulimzidi. Simu ya mkewe ikilia, kofi. Akichelewa bombani, teke. Mwaka wa pili alimng'oa meno mawili kwa kuwa alicheka na muuza maji. Jioni yake akamletea samaki wa kukaanga, akalia magotini pake: "Nakupenda mpaka kichwa kinawaka, Milcah."

Naye aliamini. Siku moja, shavu limemvimba, nilimuuliza, "Mwanangu, hayo ndiyo mapenzi?"

"Babu, mtu asiyekujali atajichosha kukupiga kwa nini? Asiyenipenda ananipita tu njiani."

Nimeoa mara mbili na kuzika mara mbili, na swali hilo bado linanishinda.

Mama Sabah, mkubwa wao pale machimboni, yeye hakuwa na muda wa maswali. Alipatana na wenzake kwamba kila mgonga kokoto aweke debe tupu nyumbani. Ukipigwa, ligonge, tutakuja na nyundo zetu. Kuna mume mmoja walimtoa hivyo, akakimbia kikoi mkononi, wakacheka wiki nzima. Milcah debe alikuwa nalo, lakini hakuwahi kuligonga.

Akaligonga Jumanne moja, saa nne asubuhi.

"La Milcah hilo!" Mama Sabah akaruka. Wakatoka mbio na nyundo, nami nikiwafuata kwa mwendo wangu.

Kumbe wiki ile vijana wa bodaboda walikuwa wameibiwa pikipiki mbili, nao wakapatana vilevile: debe likilia mahali, ni mwizi. Wanawake hawakuambiwa, na vijana hawakujua la wanawake. Nyale aliposikia debe alimpokonya mkewe simu, ile yenye kava jekundu, akachomoka nayo mlangoni. Mtu anakimbia na simu ya kike, nyuma yake debe linalia. Ungefikiri nini?

Tulipofika Nyale alikuwa chini. Sikio moja lilining'inia kwa ngozi. Vijana walimpiga kwa vyuma, kwa mawe, kwa viatu, na kila pigo lilitoa mlio wa kitu kilicholowa. Dancun, mkubwa wa stendi ya bodaboda, alikuwa akiburuta tairi, na mwenzake ana chupa ya petroli. Nilipiga kelele kwamba yule ni mume wa mtu. Wallahi nilipiga kelele. Nani amsikie mzee?

Milcah akatoka, mdomo unavuja damu. Mama Sabah akamdaka mkono.

"Simama hapa. Usiseme neno."

"Watamchoma, Mama Sabah!"

"Na wewe alipanga kukuua lini, Ijumaa? Nyamaza tu, mwenzangu. Mungu amekutua mzigo."

Akasimama. Alinyamaza kweli, kitambo cha kumwaga ile petroli kifuani mwa Nyale. Nilimwona anavyotazama. Halafu akajichomoa, akapenya kati ya miguu yao, akamlalia mumewe kifudifudi, akamfunika. Mawe hayakusimama papo hapo. Moja lilimwangukia kifundoni mwa mkono na mfupa nikausikia mimi.

"Debe ni langu! Nimeligonga mimi! Huyu ni mume wangu!"

Dancun alibaki na tairi mkononi. "Sasa mama, si ungesema mapema?"

"Si ungeuliza mapema?"

Baada ya majuma matatu Nyale alikuja machimboni, kichwa kimefungwa bendeji, uso unang'aa kama wa bwana harusi. Akasema mbele ya wote, "Leo nimejua unanipenda. Ulikubali kufa na mimi. Turudi nyumbani."

"Nguo zako nimezipeleka kwa mamako," Milcah akamjibu. Plasta ilimfika kiwikoni.

"Kwa hiyo hunipendi?"

"Nakupenda, Nyale. Ndiyo maana nilishindwa kunyamaza. Nilinyamaza kidogo, nikaona naweza kukuacha uungue, nikajiogopa. Nikikaa na wewe, siku nyingine nitanyamaza mpaka mwisho. Nenda."

Nyale akainua mkono, kwa mazoea. Nyundo zote pale zikasimama hewani. Akaushusha mkono polepole, akaondoka, na hajarudi.

Debe lipo bado mlangoni kwake. Amelipaka rangi nyeupe, akaenda mwenyewe stendi kumwonyesha Dancun: hili likilia, njooni mbio, lakini kwanza mniulize mimi.