Aliyerukwa Siku ya Mavuno

Nakumbuka siku moja ya sikukuu ya mavuno, mwanangu, nikiwa msichana kwetu Lingeka. Ukiniuliza sikukuu hiyo ina maana gani kwangu, sina jibu zaidi ya hilo lililotokea.

Tukitoka kanisani kupeleka mahindi na kuku, tulikuwa tunakula pamoja nyumbani. Kabla ya kula, baba alimtaja kila mtu kwa jina na kumshukuru. Usicheke, lakini mwaka mzima nilikuwa nasubiri jina langu. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku nyingine alituamuru tu.

Mwaka huo kaka yangu Limbu alirudi kutoka Rukwa. Ukame ulipotubana, baba alimkabidhi ng'ombe awapeleke huko kwenye malisho. Ugonjwa ukawamaliza. Alirudi na fimbo mkononi, amekonda, midomo imepasuka. Mama alimkumbatia. Baba aliitikia salamu akaangalia pembeni.

Basi tukaketi. Baba akaanza. "Wabeja, mama Limbu, kwa kutulisha. Wabeja, Shija, kwa kulima. Wabeja, Minza, kwa pamba uliyochuma." Wabeja kwetu ni asante, na Minza ndiye mimi. Akafika kwa Limbu, akamruka, akamtaja mdogo wetu wa mwisho. Kisha akasema, "Haya, tule."

Limbu akasema taratibu, "Baba, na mimi nipo."

"Ng'ombe wangu wako wapi?"

Hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua tonge. Limbu alisimama, akamwambia mama, "Wabeja, mayu," akatoka. Tulidhani anakwenda kupunga upepo.

Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa ameketi kando ya ukuta. Alimwambia mwanawe mbele yetu sote, "Umeshukuru kwa mahindi, ukamruka mtoto. Hayo mahindi ulikuwa unamlimia nani?"

Jua lilipozama Limbu alikuwa hajarudi. Ndugu yangu Shija alimfuata hadi Mwandoya mnadani, asimpate. Baadaye mtu mmoja akasema amemwona machimboni, mwingine akasema Katavi. Tulikwenda kote huko tulikoweza. Hatukumpata, wala kaburi lake hatulijui.

Miaka iliyofuata baba aliendelea kutushukuru. Alitutaja vizuri mpaka zamu ya Limbu, hapo sauti ikamkatika, nasi tukainamisha vichwa, chakula kikapoa. Mwaka wake wa mwisho, akiwa hawezi hata kushika kikombe, alijikaza akasema, "Wabeja, Limbu." Alitazama mlangoni kwa muda mrefu. Mama alitoka nje kulia. Baba alikufa kabla ya mvua za kwanza.

Nimelisimulia hili kwa sababu ya simu uliyonipigia juzi kutoka Bariadi. Umesema mwaka huu utakuja kwenye mavuno iwapo mdogo wako hatakuwepo, kwa kuwa amekuharibia biashara. Ni kweli amekuharibia, sikatai. Hata wale ng'ombe walikuwa wamekufa kweli. Lakini mimi ni mzee, sina nguvu ya kukaa tena kwenye chakula cha shukrani nikimtazama mtu aliyerukwa. Siku hiyo inaniumiza kila mwaka. Naiadhimisha kwa sababu nikiiacha hatabaki wa kumtaja kaka yangu.

Nakuusia hivi: mshukuru mtu kabla ya kushukuru kwa alicholeta. Akija mikono mitupu, shukuru kwamba amekuja. Kama una hasira naye, mwambie kesho yake, mkiwa wawili, akiwa ameshiba. Wala usijidanganye kwamba utasema mwakani. Sijui kama utanisikia. Baba naye aliambiwa na mama yake mzazi, na alikuwa amechelewa tayari.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mvua na watoto, na akujalie nyumba ambamo kila jina likiitwa, mwenyewe yupo wa kuitika.