Waya wa Chapchap

Mtaani walimwita Chapchap, na fundi huyo alilipenda jina lake kama wengine wanavyopenda cheo. Pasi ikigoma, redio ikikoroma, chai haijapoa kashamaliza.

Kwa hiyo mama mkwe wake alipolalamika kwamba hita ya vifaranga inazimika ovyo, alikwenda akipiga mluzi. Ilikuwa hita ya gesi isiyotoa mwali, sahani tu inayopata joto. Ukiiwasha unashikilia kitufe mpaka sahani ipate moto, kisha sensa, kijiti kinachogusa sahani, inaiweka gesi wazi. Sahani ikipoa, sensa inaifunga.

Chapchap akashikilia, akaachia, ikazima. Akarudia, ikazima. Akatoa waya mfukoni, akakifunga kitufe kikabaki kimebonyea.

“Imepona, Mama.”

“Mara hii? Hata maji sijakupa.”

“Mashine zina haya, Mama. Zikiniona zinajirekebisha.”

Mama mkwe alicheka, akawatangazia majirani kwamba binti yake ameokota dhahabu.

Asubuhi yake dhahabu ikaitwa tena, safari hii pamoja na mkewe. Madirisha yalikuwa wazi, mtungi umefungwa, na vifaranga wamo kwenye makarai sebuleni, wanalia juu ya zulia la wageni. Usiku sahani ilikuwa imepoa, gesi ikaendelea kutoka. Waya haujui joto wala baridi. Mama mkwe aliketi mlangoni, kajifunga kitambaa kichwani kwa maumivu.

“Nisamehe, baba,” alimwambia Chapchap. “Nadhani niligusa kitu nikifagia. Nimekuharibia kazi yako.”

“Mama, basi tena,” mkewe akadakia. “Utakuja kufa humu. Kuku hawa tunawauza.”

 Chapchap akajitia kwenda kukagua hita. Alipopiga magoti aliona kijiti cha sensa kimechomoka, kinaning'inia mbali na sahani. Akakisukuma kwa kidole kimoja, kikaingia mahali pake. Kuufunga waya kulikuwa kumemchukua muda mrefu zaidi.

Nyuma ya ukuta alimsikia mama mkwe akisema, kwa sauti ya mtoto aliyekanywa, “Haya, mwanangu. Wauze.”

Akatoka, waya mkononi.

“Si Mama. Ni mimi. Hita ilikuwa inajizima ili isituue, nami nikaifunga kwa huu.”

Mkewe alitazama pembeni. Mama mkwe aliupokea waya, akaugeuzageuza. Chapchap aliomba moyoni atukanwe. Tusi lingemsitiri kidogo.

“Kawashe,” alisema mama mkwe. “Ushikilie mwenyewe.”

Akashikilia, magoti kwenye maranda, mpaka sahani ikapata moto. Akaachia. Haikuzima. Hakuna aliyemsifu.

Kuku wakabaki. Walipokua wakahamishiwa bandani, na mlango wa banda unafungwa kwa waya uleule. Kila Chapchap akienda kusalimia, mama mkwe humpokea kwa upole, “Karibu, baba,” kisha humwomba akamwokotee mayai. Naye huenda, akaufungua ule waya taratibu, na akitoka akaufunga tena.